Henri Bergson: Mwanafalsafa aliyejaza kumbi, kisha wenzake wakampa kisogo

Mwezi Februari mwaka 1913, magari yalikwama katika barabara ya Broadway jijini New York, Marekani. Hakukuwa na ajali, wala hakuna mkubwa wa nchi aliyekuwa anapita. Watu walikuwa wanakwenda Chuo Kikuu cha Columbia kumsikiliza mwalimu mmoja wa falsafa, mwembamba, mwenye upara na sauti ya upole, aliyetoka Ufaransa. Jina lake Henri Bergson.

Januari 1941, mwalimu huyo huyo alizikwa karibu na jiji la Paris, wakati jiji hilo likiwa mikononi mwa majeshi ya Ujerumani. Waliomsindikiza walikuwa wachache mno.

Katika makala haya tunasimulia maisha yake, na hasa jambo moja ambalo hata sisi wa redio linatugusa. Mtu anapopendwa na umati, wenzake wa kazi humheshimu zaidi au huanza kumtilia shaka? Na kati ya umati na wenzake, nani ana mizani ya kweli?

Kijana wa hesabu aliyechagua falsafa

Henri Bergson alizaliwa Paris tarehe 18 Oktoba 1859. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Baba yake alikuwa mwanamuziki kutoka Poland, na mama yake alitoka Uingereza. Kwa hiyo Henri alikua akikijua Kiingereza, jambo lililomsaidia sana baadaye alipoanza kualikwa nchi za nje. Familia ilipohamia London, yeye alibaki Paris kusoma kwa ufadhili.

Shuleni alikuwa hodari wa hesabu. Akiwa bado mwanafunzi alishinda tuzo kwa kutatua swali gumu, na jibu lake likachapishwa mwaka 1878 katika jarida la wanahisabati. Alipochagua falsafa badala ya hesabu, mwalimu wake wa hesabu alisikitika.

Mwaka huo wa 1878 aliingia École normale supérieure, chuo ambacho Ufaransa ilikitumia kuandaa walimu wake bora. Alisoma wakati mmoja na Jean Jaurès, aliyekuja kuwa kiongozi mkubwa wa wasoshalisti, na Émile Durkheim, mmoja wa waasisi wa elimu ya jamii. Tangu ujana wake, basi, Bergson aliishi katikati ya watu ambao nao walikuwa vichwa.

Baada ya masomo alifundisha sekondari katika miji ya mikoani, kwanza Angers, kisha Clermont-Ferrand. Wazo lililomletea sifa alilipata katika miaka hiyo ya mbali na Paris, na mwaka 1889 alilitoa katika kitabu chake cha kwanza, kilichokuwa pia tasnifu yake ya udaktari.

Aliomba mara mbili kufundisha Sorbonne, chuo kikuu cha Paris chenye jina kubwa, na mara zote mbili alikataliwa. Mwaka 1900 alipata nafasi Collège de France. Taasisi hiyo haitoi vyeti wala mitihani, na mihadhara yake iko wazi kwa yeyote, bila kiingilio. Ni kwa mlango huo ulio wazi umati ulikuja kumfikia.

Alisema nini hasa?

Falsafa yake yote inaweza kuanzia kwenye glasi ya maji yenye sukari. Mfano huo ni wake mwenyewe, na aliutumia katika kitabu chake cha mwaka 1907. Ukitia sukari kwenye maji, huna budi kungoja iyeyuke. Unaweza kupima kwa saa ni dakika ngapi zimepita, lakini kule kungoja kwenyewe, kule kukosa subira, saa haikupimi.

Sisi watangazaji tunalijua jambo hili. Tukisema hewani kwamba ni saa mbili kamili usiku, kila redio katika kila nyumba inasema hivyo hivyo. Lakini saa moja ya mtu aliyekaa nje ya wodi ya wazazi akisubiri habari si sawa na saa moja ya mtu aliye harusini. Mshale wa saa umezunguka kiasi kile kile, ila walichokiishi watu hao wawili ni tofauti.

Bergson alisema wanasayansi na wanafalsafa wamezoea kuukata wakati vipande vipande, kama mtu anayepima kamba kwa futi. Kwake, wakati tunaouishi haukatiki hivyo, bali ni kama wimbo. Ukiitenga sauti moja ya wimbo na kuisikiliza peke yake, hupati wimbo. Kila sauti inabeba zile zilizotangulia na kuingia katika zile zinazofuata. Hivyo ndivyo, kwa maoni yake, yale tuliyoyapitia jana yanavyoendelea kuishi ndani yetu leo. Na kwa kuwa nafsi inakua namna hiyo, mtu hawezi kutabiriwa kama mashine. Hapo ndipo alipouona uhuru wa binadamu.

Mwaka 1896 alitoa kitabu kuhusu kumbukumbu na mwili. Mwaka 1900 alitoa kitabu kuhusu kicheko, akieleza kwamba tunamcheka binadamu anapofanya mambo kama mashine: mtu anakimbia njiani, anajikwaa, anaanguka, nasi tunacheka kwa sababu mwili wake haukuweza kubadilika kulingana na hali. Alisema pia kwamba kicheko ni cha kikundi, kinahitaji wenzako. Mwaka 1907 kikafuata kitabu kikubwa kuhusu mageuzi ya viumbe, alimoeleza kwamba ndani ya uhai kuna msukumo unaobuni mambo mapya bila kukoma. Hicho ndicho kilichomfanya ajulikane duniani.

Ukumbi usiotosha

Siku za mihadhara yake watu walifika mapema kuwahi viti. Waliokosa nafasi walisimama milangoni, na wengine walijaribu kusikiliza kupitia madirishani. Matajiri waliwatuma watumishi wao wakae katika mhadhara uliotangulia ili viti visichukuliwe. Walikuwapo wanafunzi, washairi, mapadri, wageni kutoka nchi nyingi, na wanawake wengi sana. Kijana Mmarekani T. S. Eliot, ambaye baadaye alikuwa mshairi mkubwa wa Kiingereza, alikuwa miongoni mwa waliomsikiliza.

Mhadhara wa namna hii kwa wengine ulikuwa jambo la uzima na mauti. Vijana wawili wanafunzi, Jacques na Raïssa Maritain, walikuwa wamekata tamaa hadi kufikia kufikiria kujiua, kwa kuwa walimu wao hawakuwaachia sababu ya kuamini kwamba maisha yana maana. Rafiki yao, mwandishi Charles Péguy, akawapeleka kwa Bergson. Raïssa aliandika baadaye kwamba hapo ndipo walipopata tena pumzi.

Nyumbani kwake, Bergson alikuwa mtu wa maisha ya utulivu. Mkewe, Louise, alikuwa na undugu na mwandishi Marcel Proust. Walipata mtoto mmoja tu, Jeanne, ambaye alizaliwa kiziwi na baadaye akawa msanii wa uchoraji na uchongaji. Mtu ambaye watu waligombea viti kuisikia sauti yake alikuwa na binti asiyeweza kuisikia.

Penye wengi pana mengi

Wapo wenzake waliomheshimu kwa dhati. William James wa Marekani, mwanafalsafa na mwanasaikolojia mwenye jina kubwa kuliko yeye wakati huo, alimsifu sana katika mihadhara aliyoitoa Oxford, Uingereza, mwaka 1908. Sifa hizo zilimfungulia Bergson milango ya nchi zinazozungumza Kiingereza.

Lakini kadiri umati ulivyoongezeka, ndivyo maneno yalivyozidi. Mwaka 1912 Mwingereza Bertrand Russell, bingwa wa mantiki na hesabu, aliandika kwamba kazi ya Bergson inavutia kama ushairi unavyovutia, ila haina hoja za kuithibitisha. Mwaka huo huo Mfaransa Julien Benda alichapisha kitabu kizima cha kumpinga, akimwona kuwa mtu anayeshusha akili na kupandisha hisia. Hata Jacques Maritain, yule yule aliyeokolewa na mihadhara ile, alipokuwa Mkatoliki aliandika kitabu cha kupinga mafundisho ya mwalimu wake.

Mwaka 1914 unaonyesha vizuri hali yake ilivyokuwa. Mwezi Februari alichaguliwa kuingia Académie française, baraza la watu 40 ambalo ni heshima ya juu kwa mwandishi wa Ufaransa. Mwezi Juni, Kanisa Katoliki liliweka vitabu vyake katika orodha ya vitabu ambavyo waumini walikatazwa kuvisoma.

Hapa tuseme wazi. Baadhi ya hoja za wapinzani zilikuwa na uzito. Russell alikuwa na haki ya kudai uthibitisho, maana falsafa haipimwi kwa makofi. Ila zilikuwapo pia dhihaka ambazo hazikuwa hoja kabisa. Waliomkejeli walipenda kutaja kwamba ukumbi wake umejaa wanawake, kana kwamba hilo linatosha kuonyesha kuwa anayosema ni mepesi. Enzi hizo wanawake walikuwa wachache mno katika vyuo vikuu. Mhadhara ulio wazi ulikuwa moja ya nafasi chache za wao kuisikia elimu ya juu, na kuitumia nafasi hiyo kukageuzwa kuwa doa kwa mwalimu.

Vita, na siku ya Einstein

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Bergson alitumia jina lake kuitetea nchi yake. Alihutubia akiieleza vita hiyo kuwa ni mapambano ya ustaarabu dhidi ya ushenzi wa Ujerumani. Mwaka 1917 serikali ya Ufaransa ilimtuma Marekani kuzungumza na Rais Woodrow Wilson ili nchi hiyo iingie vitani. Vita ilipokwisha na vijana kwa mamilioni wamekufa, wengi wa kizazi kipya hawakumsamehe hotuba zile.

Mwaka 1922 Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa wa leo, liliunda kamati ya ushirikiano wa wasomi wa dunia. Bergson akawa mwenyekiti wake. Kamati hiyo inahesabiwa kuwa mtangulizi wa UNESCO. Miongoni mwa wajumbe walikuwa Marie Curie na Albert Einstein.

Mwaka huo huo, tarehe 6 Aprili, Bergson na Einstein walikutana Paris mbele ya chama cha wanafalsafa wa Ufaransa. Nadharia ya Einstein ya uhusianifu inasema kwamba wakati haupiti sawasawa kwa kila mtu. Saa inayosafiri kwa kasi huenda polepole kuliko saa iliyotulia. Bergson hakuzikataa hesabu za Einstein. Alichosema ni kwamba wakati wa saa hautoshi, kwa sababu tunayaelewa mambo ya saa kwa kuwa kwanza tunauishi wakati sisi wenyewe. Einstein alijibu kwa ufupi. Kwake, wakati wa mwanafalsafa haupo. Upo wakati wa fizikia, na upo ule wa hisia za mtu, basi.

Bergson alitoa kitabu kuhusu jambo hilo mwaka huo huo, na humo aliteleza. Alidai kwamba, kwa mtu anayeuishi wakati, tofauti ile ya saa ya msafiri si tofauti ya kweli. Wanafizikia walimsahihisha, na wakati umewapa haki. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani walizungusha dunia saa sahihi sana ndani ya ndege, na waliporudi walikuta zimetofautiana na zile zilizobaki chini, kama nadharia ilivyotabiri.

Hata hivyo uzito wake bado ulikuwa mkubwa. Einstein alipotangazwa mshindi wa tuzo ya Nobel ya fizikia, hakupewa kwa nadharia ya uhusianifu. Desemba 1922, msemaji wa kamati ya tuzo, Svante Arrhenius, akieleza mijadala iliyoizunguka nadharia hiyo, alimtaja Bergson kuwa mmoja wa walioipinga. Lakini kwa wasomi wengi habari ilibaki moja: mwanafalsafa maarufu alibishana na mwanafizikia, akashindwa. Kosa la kitabu kimoja likatumika kuzifunga kazi zake nyingine zote.

Tuzo mkononi, kisogo mlangoni

Katika miaka hiyo ugonjwa wa baridi yabisi ulimshika vibaya, na mwaka 1925 akajiuzulu uongozi wa kamati. Mwaka 1928 alipewa tuzo ya Nobel ya fasihi ya mwaka 1927, kwa utajiri wa mawazo yake na ustadi wa kuyaeleza. Hakuweza kusafiri kwenda Sweden kuipokea.

Wakati dunia inampa tuzo, vijana wa nyumbani walikuwa wanaaga. Mwaka 1929 kijana mwanafalsafa Georges Politzer, mfuasi wa Karl Marx, alichapisha kijitabu kikali kikitangaza kwamba maonyesho ya Bergson yamekwisha. Jean-Paul Sartre, aliyekuja kuwa mwanafalsafa maarufu kuliko wote Ufaransa, aliingia katika falsafa kwa kukisoma kitabu cha kwanza cha Bergson. Lakini yeye na rika lake waligeukia wanafalsafa wa Ujerumani. Kumtaja Bergson kukawa kama kuvaa nguo ya babu.

Mwaka 1932 Bergson alitoa kitabu chake kikubwa cha mwisho, kuhusu maadili na dini. Alitofautisha humo jamii iliyofungwa, inayowapenda wa kwake na kuwaogopa wa nje, na jamii iliyo wazi kwa binadamu wote. Mwaka uliofuata Hitler alishika madaraka Ujerumani.

Mizani ya mwisho

Mwaka 1937 Bergson aliandika wosia. Alieleza humo kwamba mawazo yake yalikuwa yamemsogeza karibu sana na Ukatoliki, dini ile ile iliyovikataza vitabu vyake, na kwamba angebatizwa. Lakini aliona chuki dhidi ya Wayahudi inakuja kama wimbi, na akachagua kubaki miongoni mwa wale ambao kesho yake wangeteswa. Aliomba tu kwamba padri aje kumsalia siku ya mazishi yake, ikiwa wakuu wa Kanisa wataruhusu.

Juni 1940 Wajerumani waliingia Paris. Oktoba mwaka huo serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana nao ilitoa sheria ya kuwaondoa Wayahudi katika kazi za umma. Tarehe 4 Januari 1941, katika majira ya baridi kali, Bergson alifariki akiwa na umri wa miaka 81. Alizikwa Garches, karibu na Paris. Siku chache baadaye mshairi Paul Valéry alisimama mbele ya Académie française na kumsifu hadharani. Kumsifu Myahudi katika Paris ya siku zile kulihitaji moyo.

Politzer naye, yule kijana aliyemshambulia, alikuwa mwenye asili ya Kiyahudi. Alijiunga na waliopinga ukaliaji, akakamatwa, na Mei 1942 Wajerumani wakampiga risasi. Hao wawili hawakupatana katika falsafa hata kidogo, ila kila mmoja kwa njia yake alikataa kuukimbia upande wa walioonewa.

Aliyesahauliwa akarudi

Habari haikuishia makaburini. Mwaka 1966 mwanafalsafa Gilles Deleuze alichapisha kitabu kilichowafanya wenzake wamsome Bergson upya. Mwaka 1967 jina lake lilichongwa ndani ya Panthéon, jengo la Paris ambamo Ufaransa inawaenzi watu wake wakubwa. Afrika pia ilikuwa na sababu ya kumkumbuka. Léopold Sédar Senghor, mshairi na rais wa kwanza wa Senegal, alikihesabu kitabu kile cha mwaka 1889 kuwa mwanzo wa mapinduzi katika fikra za Ulaya, kwa sababu kilionyesha kwamba akili ya kupima na kukata si njia pekee ya kuujua ukweli. Senghor alilitumia hilo kuwajibu waliowadharau Waafrika kwa madai kwamba wanahisi tu bila kufikiri.

Turudi kwenye swali letu la mwanzo. Umati wa Broadway haukuthibitisha kwamba Bergson alikuwa sahihi, na kuhusu saa zile alikosea. Lakini kisogo cha wenzake nacho hakikuthibitisha kwamba hakuwa na la kusema, kwani miaka 25 baada ya kifo chake walirudi kumsoma. Wenzake walipompinga kwa hoja, walimfaa, hata walipomuumiza. Walipompinga kwa sababu tu wasikilizaji wake ni wengi, au ni wanawake, hawakuwa wamesema lolote kuhusu falsafa yake.

Sisi tunaosema na watu wengi kila siku, kwa maneno mepesi, tunalibeba hilo. Kueleweka na wengi hakutufanyi tuwe sahihi, na pia hakuyafanyi maneno yetu yawe matupu. Kila neno lipimwe lenyewe. Na wewe msikilizaji, ukisikia tumekosea, tupigie utusahihishe, kama wanafizikia walivyomsahihisha Bergson.